Ni Siku Gani Hasa?

Mama ameniruhusu kuandika haya kwa sharti moja, nisitie chumvi. Basi nitayaeleza yalivyokuwa.

Nilikuwa na miaka 16 tulipoitwa kwenye mahojiano hapa Kakuma. Niliruhusiwa kukaa karibu na mama kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Mbele yetu palikuwa na meza, kompyuta, mkalimani, na dada mmoja aliyekuwa akiuliza maswali. Alikuwa mpole, na hilo lazima niliseme. Kabla ya kuanza alimletea mama maji ya kunywa, akangoja amalize. Kisha akauliza: "Mama, ni tukio gani lililokufanya ukimbie nyumbani kwako?"

Mama akaanza mbali, kama wanavyoanza watu wa kwetu. Akaeleza habari za bariere iliyowekwa kwenye njia ya kushuka Uvira. Mwanzoni ulikuwa unatoa hela kidogo unapita, halafu ikawa hela na sehemu ya mzigo, halafu ukaanza kuulizwa baba yako ni nani. Akaeleza mbuzi wawili waliochukuliwa usiku na watu ambao hata nyuso hawakufunika. Akaeleza shamba la mihogo, tulilima sisi, wakavuna wenye bunduki. Akaeleza kaka yangu aliyebebeshwa mizigo mlimani siku tatu, akarudi akiwa kimya, na kimya hicho mpaka leo hakijaisha. Akaeleza maneno yaliyoanza kusemwa pole pole, hata kanisani, juu ya familia kama yetu.

Yule dada alikuwa anaandika, kisha akaacha. "Nimekuelewa, mama. Lakini ni siku gani hasa uliyoamua kuondoka? Siku hiyo kulitokea nini?"

Mama akafikiri. Akasema: "Asubuhi ile nilimusalimia jirani yangu. Hakuitika. Nikaingia ndani, nikafunga vitu."

Mkalimani akatafsiri. Dada akatazama kompyuta yake, akamtazama mama, akauliza taratibu: "Kwa hiyo mlikimbia kwa sababu jirani hakuitikia salamu?"

Hapo nikaona kesi yetu inakufa mbele ya macho yangu. Nikamwinamia mama kwenye sikio lake zima, nikamwambia kwa lugha ya kwetu: "Sema ule usiku wa risasi."

Usiku wa risasi ulikuwepo. Lakini ulitokea ng'ambo ya mto, wiki kadhaa baada ya sisi kuondoka. Habari zake tulizipata njiani, kutoka kwa watu walioukimbia na ambao walikuwa bado wana damu kwenye nguo. Mimi nilitaka tuuazime tu. Nani angejua?

Mama hakunigeukia. Akanijibu kwa sauti ya chini: "Ule usiku uko na wenyewe."

Kisha likaja swali la pili. "Na majirani wengine wa mtaa wenu, mbona wao walibaki?" Mama akasema: "Hilo sijui. Muwaulize wao."

Tukatoka. Njiani sikusema naye. Nilimkasirikia kwa muda mrefu, kwa kuwa niliona ametupotezea bahati yetu kwa sababu ya salamu.

Leo mimi ni mwalimu wa insentivu. Nafundisha fizikia katika shule moja ya sekondari humu humu kambini. Na ni mbele ya ubao, nikiwa na chaki mkononi, ndipo nilipokutana tena na yale maswali mawili. Nataka kukueleza ilivyokuwa, ewe unayesubiri kuitwa, na ewe unayeita. Itabidi tupite angani kidogo, lakini tutarudi.

*

Usiku wa mwezi wa kwanza, saa tatu hivi, toka nje. Sisi tusio na taa za barabarani tuna faida hiyo moja, nyota tunaziona. Tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja kama watu kwenye foleni ya bomba. Karibu nazo, upande wa kusini, kuna nyota nyingine ndogo zinazoning'inia. Ya katikati ukiikazia macho utaona si nyota kamili. Ina ukungu, kama moshi wa jiko la jirani.

Huo ni wingu la gesi linaloitwa Nebula ya Orion. Mwanga wake unasafiri miaka kama 1,300 kabla ya kufika kwenye jicho lako. Sehemu kubwa ya gesi hiyo ni haidrojeni, na katikati yake kuna nyota changa zenye joto kali sana. Moja kati yao uso wake unakaribia digrii 40,000. Jua letu hili, linalotuchoma hapa Turkana mpaka mabati yanalia, uso wake haufiki hata digrii 6,000.

Atomi ya haidrojeni ni kaya ya wawili tu, protoni moja na elektroni moja. Hakuna atomi nyepesi kuliko hiyo. Kuing'oa elektroni katika kaya hiyo kunahitaji nishati ya kiasi maalumu. Wanasayansi wanaihesabu kuwa elektronivolti 13.6. Usiogope jina, chukua namba tu. Kumi na tatu nukta sita ndicho kizingiti cha mlango.

Sasa, mwanga haumwagiki kama maji. Unakuja kwa chembe chembe, na kila chembe inaitwa fotoni. Fotoni ya mwanga mwekundu imebeba chini ya 2. Ya zambarau imebeba kama 3. Ili ifike 13.6 na kuvuka, fotoni lazima iwe ya mwanga usioonekana kwa jicho, ulio mbali kupita zambarau, ambao wimbi lake ni fupi kuliko nanomita 91.2. Zile nyota za katikati ya Orion zinamimina mwanga wa namna hiyo bila kupumzika. Fotoni inafika, elektroni inang'oka, protoni inabaki peke yake. Atomi iliyopoteza elektroni hivyo inaitwa ioni. Ndani ya wingu lile, karibu haidrojeni yote iliyo jirani na nyota hizo imekwisha kung'olewa.

Siku niliyofundisha jambo hili, msichana mmoja wa kidato cha nne aliinua mkono. "Mwalimu, na nikiwasha taa nyekundu milioni moja? Si zitajumlishwa zifike 13.6?"

Nikamwambia hapana. Na hili ndilo lililowasumbua wakubwa mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1902 Philipp Lenard, akipiga mwanga kwenye metali, alionyesha kwamba ukiongeza ukali wa mwanga, elektroni zinazotoka huwa nyingi zaidi, lakini kila moja haitoki na nguvu zaidi. Mwaka 1905 Albert Einstein akatoa maelezo: kila elektroni hupokea kutoka kwa fotoni moja. Kama fotoni moja haitoshi, wingi wao hausaidii kitu. (Ni Einstein huyu huyu aliyekataa kurudi kwao Ujerumani mwaka 1933. Picha yake wengi mmeiona kwenye mabango ya wakimbizi.)

Wanafunzi hawakuridhika, kwa hiyo nikawapa mfano wa ua. Hapa kuna ua wa miiba wa futi sita. Ukiruka futi moja, umeuvuka? Bado. Ruka tena futi moja. Ruka mara elfu. Jumla yake ni futi elfu, na wewe uko pale pale ulipoanzia. Darasa likacheka. Wakaelewa.

Mimi sikucheka. Nilisimama na chaki nikasikia sauti ya yule dada: ni siku gani hasa? Kumbe lilikuwa swali la haidrojeni. Ni fotoni ipi iliyokutoa? Tuonyeshe moja, na iwe kubwa kuliko kizingiti. Bariere ni futi moja. Mbuzi wawili, futi moja. Salamu isiyoitikiwa, hata futi haifiki. Kwa sheria ile niliyokuwa nimetoka kuiandika ubaoni kwa mkono wangu, mama yangu hakuwa na kesi.

*

Ningeishia hapo kama yule msichana asingekuwa mkaidi. Baada ya kipindi akanifuata. "Mwalimu, lakini kwa nini hazijumlishwi? Anayeruka ua anarudi chini kwa sababu ya uzito wake. Elektroni inarudi chini kwa sababu gani?"

Swali zuri linakulazimisha kusoma upya ulichodhani unakijua.

Mwaka 1913 Niels Bohr, mtu wa Denmark, alieleza kwamba elektroni ya haidrojeni inakaa kwenye ngazi. Ngazi ya kwanza iko chini kabisa. Ikipata fotoni inayolingana sawasawa na nafasi kati ya ngazi mbili, inapanda. Isipolingana, fotoni inapita zake kama mgeni aliyekosea nyumba. Kutoka ngazi ya kwanza kwenda ya pili ni 10.2. Ikishapanda huko, kutoka kabisa hakuhitaji tena 13.6. Kunahitaji 3.4 tu, yaani robo. Hata fotoni moja iliyo hatua chache kupita zambarau inaweza kumaliza kazi.

Basi kwa nini haimalizi? Kwa sababu elektroni haikai juu. Kwa kawaida, ndani ya sekunde iliyogawanywa mara milioni mia kadhaa, inatema ilichopokea na kushuka. Huko angani gesi ni nyembamba na fotoni ya pili haiji haraka hivyo. Mpaka ije, atomi imekwisha rudi chini, imetulia, kama haikuguswa kamwe. Pigo la pili linaikuta mpya.

Hiyo ndiyo siri ya kizingiti. Sheria inayosema madogo hayajumlishwi inasimama juu ya sharti moja ambalo halikuandikwa ubaoni: kwamba katikati ya pigo na pigo, anayepigwa anapata nafasi ya kurudi alipokuwa. Haidrojeni inaipata karibu kila mara. Inasahau haraka kuliko kitu chochote ninachokijua.

Na pale ambapo nafasi hiyo inaondolewa, hata haidrojeni inabadilika. Mwaka 1930, huko Göttingen, Ujerumani, mwanamke kijana aitwaye Maria Goeppert Mayer aliandika katika tasnifu yake ya udaktari kwamba inawezekana fotoni mbili zikamezwa kwa pamoja kana kwamba ni moja. Hakukuwa na mwanga wa kutosha duniani kumhakikishia. Leza ilipotengenezwa mwaka 1960, mwaka uliofuata jambo lake likaonekana kwa macho. Miaka hiyo hiyo ya 1960 wengine wakaweza kung'oa elektroni za atomi kwa fotoni ambazo kila moja peke yake ilikuwa dhaifu mno. Zilikuwa zimefuatana kwa msongamano mkubwa hivi kwamba atomi haikupata muda wa kushuka.

Kuna jambo jingine tena. Mwaka 1965, darubini ya redio ya Green Bank huko Marekani ilinasa mawimbi ya haidrojeni inayoshuka kutoka ngazi ya 110 kwenda ya 109, katika wingu hili hili la Orion na katika jingine. Fikiria atomi iliyo ngazi ya 109. Ni kweli kwamba hizo zimefika hapo zikiwa zinashuka: elektroni iliyong'olewa imenaswa tena na protoni na inarudi chini hatua kwa hatua. Lakini itazame pale ilipo. Kwa hesabu elektroni bado ni ya kaya ile. Ukiiuliza, itakwambia iko nyumbani. Lakini nguvu inayoishikilia haifiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya ile ya ngazi ya kwanza. Imekaa mlangoni, mguu mmoja nje. Mguso ambao chini kule usingetikisa chochote, hapa unatosha.

Mtu akija akapima ule mguso wa mwisho peke yake atasema: kwa hiki tu?

Kwa hiyo yule dada alipouliza "mlikimbia kwa sababu jirani hakuitikia salamu?", jibu sahihi lilikuwa ndiyo. Salamu ndiyo iliyotutoa. Swali ambalo halikuulizwa ni tulikuwa ngazi ya ngapi siku hiyo, na tangu lini hatukupata nafasi ya kushuka.

*

Kuhusu swali la pili, la majirani waliobaki, jibu lake nalo nililikuta kwenye wingu lile lile.

Mwaka 1939 Bengt Strömgren, naye wa Denmark, alipiga hesabu ya umbali ambao mwanga wa nyota ya moto unaweza kufika katika kung'oa elektroni. Alikuta kwamba kuzunguka nyota hiyo kuna eneo ambalo karibu haidrojeni yote imeng'olewa, kisha kuna ukingo, na nje ya ukingo karibu yote ni nzima. Ukingo wenyewe ni mwembamba ukilinganisha na eneo lote. Hatua chache ndani, kila kitu kimevunjika. Hatua chache nje, kaya zimetulia.

Mtu akiutazama ukingo huo anaweza kudhani walio nje ni imara zaidi. Hapana. Kila atomi ya haidrojeni iliyotulia, ndani na nje, imeshikiliwa na 13.6 ile ile. Kilichotokea ni kwamba kila fotoni inatumika kwa atomi moja, na ndani ya eneo lile elektroni zinanaswa tena na kung'olewa tena, kwa hiyo nyota inatumia fotoni zake kila saa kwa wale wale walio karibu. Ikifika umbali fulani, zimekwisha. Walio nje walibaki wazima kwa kuwa walio ndani waliumeza mwanga wote kabla haujawafikia.

Nikiwakumbuka majirani zetu nafikiri hivyo hivyo. Sisi tulikaa karibu na bariere. Wao walikuwa nyuma ya shule. Mbuzi wetu walikuwa wa kwanza kwenye njia. Labda walibaki kwa kuwa sisi tulitangulia kupigwa. Sisemi hilo ndilo lililotokea. Mama alisema hajui, na mimi sijui kumshinda. Ninachosema ni kwamba kubaki kwao hakuthibitishi kwamba tuliondoka bila sababu, na kuondoka kwetu hakuthibitishi kwamba wao ni hodari. Humu kambini tunatukanana sana kwa jambo hili. Aliyekuja mwanzo humwambia aliyekuja juzi, "Siku zote ulikuwa wapi kama kulikuwa na vita?" Tumeokota swali la mezani tukalileta kwenye foleni ya maji.

*

Sasa nataka kuwa wa haki kwa anayeuliza, maana wengine mnaosoma gazeti hili dogo ndiyo kazi yenu.

Kizingiti lazima kiwepo. Kama kila aliyeumia ni mkimbizi, neno lenyewe litakosa kazi, na atakayepoteza kwanza ni yule ambaye usiku wake ulikuwa na risasi kweli. Fomu inataka tarehe. Nje kuna watu mia wanaongoja. Na anayeuliza amedanganywa mara nyingi, tusijifanye hatujui.

Lakini sheria yenyewe haikuomba tukio moja. Mkataba wa mwaka 1951 unazungumzia hofu yenye msingi, na hofu haina tarehe ya kuzaliwa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 ukaongeza wale wanaolazimika kuondoka kwa sababu ya matukio yanayovuruga vibaya usalama wa umma. Na kitabu cha mwongozo cha UNHCR, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1979, kinakubali wazi kwamba mambo ambayo kila moja peke yake halifiki kuwa mateso yanaweza kufika yakiwekwa pamoja. Walioandika walijua kwamba mtu si haidrojeni. Ni pale mezani, saa tano ya joto, kesi ya tisa ya siku hiyo, ndipo mtu anapogeuzwa kuwa atomi isiyokumbuka.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkishauliza "kulitokea nini?", ulizeni pia "na baada ya hapo mlipata muda gani kabla ya jambo jingine?" Mbuzi wawili na miaka mitano ya amani baada yake ni hasara. Mbuzi wawili, halafu mwezi mmoja, halafu kaka, halafu wiki, halafu kanisa, ni kitu kingine kabisa, ingawa mbuzi ni wale wale.

Kwetu sisi wa upande huu wa meza, ombi ni gumu zaidi, na naanza na nafsi yangu.

Nilipomnong'oneza mama aseme usiku wa risasi, nilidhani namdanganya dada yule peke yake. Nilikuwa nawaibia watu wa ng'ambo ya mto. Zaidi ya hapo, nilikuwa namfundisha muulizaji kwamba kesi ya kweli lazima iwe na usiku wake. Kila usiku unaoazimwa unakaza kizingiti. Anayekuja kesho na ukweli wake mdogo mdogo uliolundikana, asiye na risasi ya kuonyesha, ataonekana yeye ndiye mwongo. Huyo anaweza kuwa mama wa mtu. Siku ile karibu awe wangu.

Hapa pia ndipo mfano wangu wa angani unapofika mwisho, na sitaki kuuvuta kupita uwezo wake. Elektroni zote ni sawa. Protoni iliyopoteza yake inanasa yoyote inayopita, na hakuna kipimo duniani kinachoweza kukwambia kama ni ile ya zamani au ngeni. Haidrojeni inakuwa haidrojeni tena, na haina cha kulilia. Mimi niliyachukulia mateso ya watu hivyo hivyo. Niliona usiku ni usiku, ukikosa wako chukua wa jirani, itakuwa sawa tu. Mama, ambaye hakumaliza shule ya msingi, alijua kwamba si sawa. Ule usiku uko na wenyewe. Na asubuhi ya salamu nayo iko na mwenyewe, ndiyo maana hakuibadilisha hata ilipoonekana ndogo mezani.

Je, ni halali kusema uongo ili ukweli wako uingie kwenye fomu isiyokuwa na nafasi yake? Nimelifikiria swali hili miaka mingi na sitamhukumu mama wala baba yeyote aliyefanya hivyo na watoto wana njaa. Najua tu kwamba aliyekataa kufanya hivyo mbele yangu alikuwa na watoto, na tulikuwa na njaa.

*

Tuliitwa tena baada ya miezi saba. Safari hii alikuwa kaka mmoja mtu mzima, mwenye miwani. Alisoma karatasi za kwanza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Mama, hii ya salamu. Nieleze kabla yake. Tangu ile ya kanisani mpaka salamu, ilipita muda gani?" Mama akahesabu kwa vidole. Siku nne. "Na tangu mwanao aliporudi mpaka kanisani?" Wiki mbili. "Na tangu mbuzi mpaka mwanao?" Mama akafikiri, akasema mwezi na kitu. Yule kaka akachora mstari kwenye karatasi na kuweka alama. Niliziona kutoka nilipokaa. Zilikuwa zinakaribiana kadiri zilivyoelekea kulia.

Jibu lilipokuja lilikuwa zuri. Lakini hata lingekuwa baya, mama angekuwa amesema kweli, na mimi ningekuwa na deni lile lile kwake.

Juzi nilimtoa nje usiku nikamwonyesha zile nyota tatu na ule ukungu. Nikamweleza habari za ngazi na salamu yake. Akasikiliza mpaka mwisho, sikio la kulia likiwa upande wangu. Akasema, "Yule jirani nadhani naye alikuwa anaogopa. Kama angeitika, wangemuona."

Miaka yote hii sikuwahi kumfikiria yule jirani.

Asubuhi mama anapochukua dumu kwenda bombani, anawasalimia wote wa mstari wetu, mmoja mmoja. Kuna Wasudani Kusini, kuna Wasomali, kuna mama mmoja wa Burundi. Wengine Kiswahili chao ni cha maneno kumi. Anasalimia, anasimama, anangoja aitikiwe. Wakati mwingine anachelewa foleni kwa sababu hiyo, na mimi namwambia, mama, twende. Anainua mkono kuniambia ningoje.